Jinsi ya kuomba kazi ya mkuza mitaala TET, hasa kama tayari unashika chaki

Mwalimu akisema ofisini kwamba anataka kwenda TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, wenzake huona kiyoyozi cha ofisi zake za Mikocheni, Dar es Salaam, na kiti cha kuzunguka. Kazi yenyewe ni nyingine. Mkuza mitaala huandaa mtaala na muhtasari wa somo, husimamia uandishi wa kitabu cha kiada na kiongozi cha mwalimu, huwaandaa walimu kuvitumia, kisha huzunguka shuleni kuona kama kilichoandikwa kinafundishika kwa watoto tisini darasani. Taasisi hiyo imebeba jukumu hilo kisheria tangu 1975, kuanzia elimu ya awali hadi vyuo vya ualimu.

Nafasi hizi haziombwi kwa kupeleka bahasha getini. Zinapita Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na tangazo hutoka hukohuko. Anayetaka kwenda Taasisi ya Elimu Zanzibar ana mlango wake, ZanAjira, kwa hiyo asije akapoteza muda na maelezo yangu.

Anza kabla ya tangazo

Dirisha la maombi mara nyingi hukaa wazi wiki mbili tu. Wiki mbili hizo si za kufungulia akaunti wala kutafuta cheti kilichobaki kwa mjomba Tabora. Fungua akaunti leo, kwa simu, kompyuta au kile kishikwambi ulichogawiwa. Utahitaji barua pepe unayoifungua kweli, na namba ya NIDA, zile tarakimu 20 zinazoanza na tarehe yako ya kuzaliwa.

Sasa weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo pamoja na orodha ya matokeo yake, na kitambulisho cha NIDA. Soma jina lako kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi, kwa sauti ikibidi. Mimi niliona aibu kufanya hivyo, nikaja kuona aibu kubwa zaidi siku ya usaili. Kwenye cheti changu cha sekondari kulikuwa na "Hamis", kwingine kote "Hamisi". Herufi moja. Nilidhani mtu yeyote mwenye macho angejua ni mimi. Nikaambiwa kwa upole nisubiri pembeni, nikakaa huko na bahasha yangu hadi wenzangu wakaisha. Majina yakitofautiana, inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo haipatikani asubuhi ya usaili.

Vyeti vithibitishwe na wakili. Matangazo husema wazi kwamba hati ya matokeo ya muda na karatasi za matokeo ya kidato cha nne au sita hazipokelewi. Wanataka cheti chenyewe. Uliyesoma nje ya nchi unahitaji pia uthibitisho wa chombo husika: NECTA kwa sekondari, NACTVET kwa vyuo vya kati, TCU kwa shahada. Skani kila cheti vizuri, faili lisiwe zito. Picha iliyopigwa juu ya kitanda, na kivuli cha kidole kwenye alama za Hisabati, si skani.

Soma tangazo kama unavyosahihisha

Tangazo likitoka, angalia sifa zinazotajwa: kiwango cha elimu na fani. Linganisha na cheti chako bila kujihurumia. Shahada ya somo jingine "linalokaribiana" ni hoja nzuri ya barazani, lakini anayechuja ana orodha mbele yake. Angalia na umri pia. Ukomo unaotajwa kwa kawaida ni miaka 45, isipokuwa kwa walio tayari kwenye utumishi wa umma.

Hapo ndipo walimu wa serikali huchanganyikiwa. Masharti ya jumla yana mistari miwili inayoonekana kugombana. Mmoja unasema walio kwenye nafasi za kuingilia (ngazi ya kuanzia kazi) katika utumishi wa umma wasiombe, na unataja waraka wa tarehe 30 Novemba 2010. Mwingine unasema mtumishi aliyejipatia sifa za kada tofauti apitishe barua yake kwa mwajiri. Haigombani. Mwalimu aliyeajiriwa juzi, ambaye hajapata sifa mpya na anataka tu kuhama kituo kwa mgongo wa ajira, ndiye anayeambiwa akae. Mwalimu aliyejiendeleza na sasa ana sifa za kada ya ukuzaji mitaala anaruhusiwa, ila lazima mwajiri ajue.

Na mwajiri wako si mkuu wa shule. Ni mkurugenzi wa halmashauri. Barua inaandikwa kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, kisha chini yake unaweka "K.K." (kupitia kwa) ya mkuu wa shule na ya mkurugenzi. Ipeleke mapema kwa mkono, waombe wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na usiache kufuatilia. Ukiiacha masjala ukajipa matumaini, utakumbushwa na tangazo linalofungwa.

Barua inayosomwa

Anwani ni Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Iandike kwa Kiswahili au Kiingereza, isaini, ndipo uiskani. Isiyo na saini ni kazi bure.

Ndani, wengi wetu tunaandika hivi: "Mimi ni mwalimu mwenye uzoefu wa miaka minane, mchapakazi na mwadilifu." Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na dereva. Jaribu hivi:

"Muhtasari mpya wa Kidato cha Kwanza ulipofika shuleni, niliongoza walimu watatu wa Jiografia kuandaa azimio la kazi la mwaka. Tulipobaini kwamba shule haina kipimamvua, tulikitengeneza kwa chupa ya maji na rula, na nikakiwasilisha kwenye kikao cha MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) cha kata yetu."

Hapo pana mtu aliyechukua muhtasari, akauona unapokwama, akafanya jambo, akawafundisha wenzake. Hiyo ndiyo kazi unayoiomba, tena umeshaifanya bila kulipwa. Tafuta mfano wako wa kweli. Huyu wangu usiuibe, maana ukiulizwa ulipachikaje hiyo rula utababaika.

Wasifu uwe na wadhamini watatu wanaopokea simu. Waambie kabla hujawaandika.

Ukiitwa usaili

Majina ya walioitwa huwekwa kwenye tovuti ya Sekretarieti na kwenye akaunti yako. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Beba vyeti halisi na kitambulisho. Kwanza huwa kuna mchujo wa kuandika, wakipita wachache ndipo mahojiano ya ana kwa ana.

Usiende hujui tofauti ya mtaala (mpango mzima wa elimu) na muhtasari (mgawanyo wake kwa somo moja). Nimewasikia walimu wazuri kabisa wakiyatumia kama jina moja, na kwenye chumba hicho ni sawa na fundi kuita msumari nyundo. Soma Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, hasa mahali inaposema elimu ya lazima ni miaka 10, na mikondo miwili ya sekondari, ya jumla na ya amali (ufundi na stadi za kazi). Pakua muhtasari wa somo lako kwenye tovuti ya TET, usome ukiwa na kalamu: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli, vigezo vya upimaji. Uliza kila mstari, hiki kitafundishwa vipi shule isiyo na umeme?

Jipe na zoezi la hesabu. Walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza shule ya msingi darasa la sita, 2027. Mwaka huohuo wale waliokuwa darasa la nne, ambao wako kwenye mtaala wa zamani, wanamaliza la saba. Januari 2028 makundi mawili yanabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja, yamesoma vitabu tofauti. Ukiweza kueleza mwalimu wa kidato cha kwanza aandaliwe vipi kwa darasa hilo, na lini, wasaili watakusikiliza.

Baada ya hapo ni kusubiri. Waliofaulu lakini nafasi zikawa zimejaa huwekwa kwenye kanzidata, na huweza kupangiwa nafasi ikitokea. Kwa hiyo ile laini ya simu uliyoijaza kwenye akaunti usiitupe kwa sababu ya ofa ya bando.