Kuwatoa watoto kwenye marangi na vikorombwezo vya kiwandani: anza na kabati, sio na mtoto

Wazazi wenzangu, swali la namna ya kumtoa mtoto kwenye vyakula vya rangi na ladha za kiwandani linakuja kila mara, na majibu mengi ni ya kutisha tu, hiki sumu, kile saratani, mzazi anabaki na hofu na bado hajui jioni apike nini. Mimi nitaeleza ninavyofanya na watoto wangu na kwa nini nafanya hivyo. La kwanza kabisa, hii kazi haifanyiki mezani, inafanyika siku ya kununua. Kitu kikishaingia ndani mtoto atajua kilipofichwa, atakililia, na wewe na yeye mtageuka maadui kwa ajili ya pakiti ya biskuti. Kisipoingia hamna ugomvi.

Sasa kabla hujatupa chochote ujue unatoa nini, manake sio kila kitu chenye jina la kikemia ni kibaya. Zile namba zinazoanza na E ni orodha tu ya viongezeo vilivyoruhusiwa Ulaya. E300 ni vitamini C, E160a ni karotini ile ile inayoipa karoti rangi yake, E440 ni pektini inayotoka kwenye matunda, E162 ni rangi ya bitiruti. Ukiambiwa kimbia kila E utakimbia na vitu visivyo na kosa lolote, halafu utachoka, halafu utaacha yote.

Mimi nilianza na rangi, na sababu yangu ni hii. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton kule Uingereza walichapisha kwenye jarida la The Lancet utafiti wa watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 hadi 9, watoto wa kawaida tu wasio na ugonjwa. Walipewa kinywaji chenye mchanganyiko wa rangi pamoja na kihifadhi kinaitwa sodiamu benzoati (E211), na wakati mwingine wakapewa kinywaji kinachofanana nacho kisicho na hivyo vitu, wazazi hawakuambiwa kipi ni kipi. Kwa wastani utulivu wa watoto ulipungua walipokunywa chenye rangi. Sio wote na sio sana, kuna waliobadilika waziwazi na kuna ambao hata hawakushtuka, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipopitia ikasema ushahidi una mipaka na athari yenyewe ni ndogo. Ila tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unalazimisha bidhaa zenye rangi 6 zilizokuwa kwenye utafiti huo ziandikwe onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Mi nawaza hivi: rangi hailishi, haihifadhi, haina kazi yoyote mwilini, ipo kwa ajili ya jicho tu. Kitu kisicho na faida hata moja kwa mtoto, shaka ndogo inatosha kukitoa.

Hizo 6 zihifadhi kwenye simu: E102 (tatrazini), E104, E110, E122, E124 na E129. Nchi nyingine wanaandika INS badala ya E au namba tupu, 102 ni 102 tu. Bidhaa za Marekani zinatumia majina mengine, Yellow 5 ndio E102, Yellow 6 ndio E110, Red 40 ndio E129. Kuna na Red 3 yaani E127, hiyo Marekani wenyewe walifuta kibali chake Januari 2025 na viwanda vya chakula vikapewa mpaka Januari 2027 kuiondoa, wakati kwenye vipodozi walishaikataa tangu 1990, fikiria, miaka yote hiyo haifai kupakwa mdomoni lakini inafaa kuliwa na mtoto!

Kusoma lebo kwenyewe sio kugumu ukishazoea. Usisome mbele ya pakiti, mbele ni matangazo, geuza nyuma. Viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito kwenda kilicho kidogo, kwa hiyo ukiona sukari iko ya kwanza au ya pili hiyo ni sukari iliyoongezewa vitu, haijalishi wamechora matunda mangapi. Maandishi ya "bila vihifadhi" hayamaanishi hamna rangi, na "ladha ya stroberi" haimaanishi stroberi imo, inaweza ikawa haijapita hata karibu. Kwa kukumbuka haraka: mia moja na kitu ni rangi, mia mbili na kitu ni vihifadhi, mia sita na kitu vingi ni vya kukoleza ladha (E621 ndio ile chumvi ya viungo vya mchuzi na chipsi za pakiti), kuanzia 950 mpaka 969 humo ndimo zimo sukari bandia nyingi. Na kuna kipimo changu cha kivivu ambacho kinanisaidia siku nina haraka: je hiki kiambato ningeweza kukikuta jikoni kwa mtu? Unga, mafuta, chumvi, maziwa, sawa. Kama kuna vinne vitano sijawahi kuviona kwenye chombo chochote cha jikoni narudisha kwenye shelfu, sichunguzi zaidi.

Basi unaanza wapi. Anza na vinywaji. Usiguse kitu kingine wiki 2 za kwanza, vinywaji tu, kwa sababu humo ndimo rangi, sukari, benzoati na sukari bandia vinakaa pamoja na mtoto anavinywa bila kutafuna wala kushiba. Soda, juisi za unga, zile za boksi zinazoitwa kinywaji cha matunda, zote zisinunuliwe. Weka maji na maziwa. Mtoto aliyezoea utamu hatakubali maji siku ya kwanza, kata vipande vya chungwa au limau au tango utumbukize kwenye jagi liwekwe kwenye friji, yeye mwenyewe achague kipande cha kuweka, hapo anaanza kunywa kwa sababu amekitengeneza. Juisi ya kukamua nyumbani ni nzuri kuliko ya unga lakini nayo isiwe maji ya kunywa siku nzima, Shirika la Afya Duniani linahesabu sukari ya juisi na ya asali kwenye zile sukari zinazotakiwa zisizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na zikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Tunda zima linashinda juisi kila siku. Na usije ukahamia kwenye vile vya "bila sukari" ukadhani umepona, soma nyuma utakuta E951 au E950 imekaa pale pale.

Baada ya hapo njoo kwenye yogati za rangi, hapa ndipo wazazi wengi tunadanganyika kwa sababu inaonekana chakula cha afya. Usimkatie ghafla. Nunua yogati tupu, changanya robo yake na robo tatu ya ile aliyoizoea, baada ya siku kadhaa nusu kwa nusu, halafu robo tatu, mwisho unabaki na tupu uliyoponda ndani yake ndizi iliyoiva sana mpaka ina madoa meusi, utamu wake unatosha kabisa. Mwanangu wa pili alichukua kama wiki 3, hakugundua, wa kwanza niliyemkatia siku moja aligoma na mpaka leo yogati haitaki. Huu mchezo wa kuchanganya unafaa na kwa nafaka za asubuhi zile za rangirangi, changanya na shayiri iliyopondwa au uji mpaka zile za rangi ziishe zenyewe.

Soseji na nyama za kopo ni jambo la kulipa uzito. Wekundu wake mwingi unatokana na nitraiti (E250), na mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliziweka nyama zilizosindikwa kwenye kundi la vitu ambavyo ushahidi wa kusababisha saratani kwa binadamu unatosha. Hiyo ni kuhusu uhakika wa ushahidi, sio kwamba soseji moja inaua, nisieleweke vibaya. Mimi natengeneza vidonge vya nyama ya kusaga, kitunguu, karoti iliyokwaruzwa, yai na chumvi kidogo, navitengeneza vingi siku moja napanga kwenye trei visigusane naingiza friza, vikiganda namimina kwenye mfuko. Asubuhi ya haraka unatoa vinne unaviivisha mpaka katikati kusiwe na wekundu.

Vile vidonge vya kukoleza mchuzi, jibu lake ni muda. Kaanga kitunguu taratibu moto mdogo mpaka kiwe cha kahawia kabisa, ongeza kitunguu saumu, nyanya zilizoiva uziache zikauke na kung'ang'ania sufuria kidogo, mchuzi unakuwa na ladha nzito bila kidonge. Nyanya zenyewe zina glutamati ya asili, kile kile kinachokoleza ladha kwenye E621, ndio maana.

Sasa mtoto akikataa. Atakataa, na ni kawaida, mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa kitu kipya mara 8 hadi 15 ndio akubali, sisi tunakata tamaa kwenye ya tatu. Kazi yako ni kuamua nini kinapikwa na saa ngapi, kazi yake ni kuamua anakula kiasi gani, usimlazimishe wala usimhonge kwa pipi kwa sababu hapo umemfundisha kwamba mboga ni adhabu na pipi ndio mshahara. Weka kijiko kimoja tu cha kitu kipya pembeni ya kitu anachokipenda, nyamaza, kula chako. Mpe kazi jikoni, hata wa miaka 3 anaweza kuosha majani na kuponda ndizi.

Wadogo wana sheria zao ambazo hazina mjadala. Mpaka miezi 6 maziwa ya mama tu kama yanapatikana. Asali hapana kabla ya mwaka mmoja hata kama ni ya asili kiasi gani, inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazotoa sumu kwenye utumbo wa mtoto mchanga. Chumvi usimwongezee kabla ya mwaka. Karanga na njugu nzima, zabibu nzima na bisi subiri mpaka apite miaka 5 kwa ajili ya kupaliwa, zabibu kata vipande vinne kwa urefu, karanga saga iwe siagi umpake nyembamba. Asili sio salama moja kwa moja, hili watu wanalisahau sana.

Ukitaka kujua kama rangi zinamsumbua mwanao kweli fanya jaribio lenye nidhamu. Wiki 3 bila rangi hata moja, kila jioni unaandika mistari miwili kwenye daftari, amelala saa ngapi, ametuliaje, ngozi ikoje. Halafu siku moja mtu mwingine wa nyumbani ampe kitu chenye rangi, na matokeo ya siku 2 zinazofuata yaangaliwe, ila anayeandika asijue ni siku gani amepewa. Hili ni muhimu kuliko unavyodhani. Kuna utafiti wa 1994 ambapo kina mama waliambiwa watoto wao wamepewa sukari wakati hawakupewa, na wakawaona watoto wamechangamka kupita kiasi, macho yetu yanaona tulichotegemea. Na tukiwa hapo, uchambuzi uliochapishwa 1995 kwenye jarida la JAMA ulikusanya tafiti nyingi na haukuona kwamba sukari ndio inawavuruga watoto tabia, sukari ina makosa yake kwenye meno na uzito, hilo la kuwatia wazimu sio lake. Mtoto mwenye aleji au pumu ni habari nyingine, salfaiti (E220 hadi E228) zilizoko kwenye baadhi ya matunda makavu zinaweza kumbana kifua, chagua yale yaliyokauka yakawa meusimeusi badala ya yanayong'aa. Na usifute makundi mazima ya vyakula wala kuacha dawa aliyoandikiwa bila kuongea na daktari, mtoto anakua, anahitaji kula vya kutosha.

Dawa nazo zina rangi, sirapu za kikohozi na vitamini za kutafuna hasa. Muulize mfamasia kama ipo isiyo na rangi, kama haipo mpe hiyo hiyo apone, siku 5 za dawa hazilingani na soda ya kila siku.

Kwenye sherehe za watu mimi huwa namlisha ashibe kwanza nyumbani na akifika huko ale keki kama wenzake, simchungi, nikimchunga atakula kwa kujificha. Ila keki ya kwangu naitia rangi mwenyewe. Bitiruti ichemshwe, maji yake yachemke tena mpaka yawe mazito, matone machache ya limau yashike wekundu, utie kwenye krimu ya juu sio kwenye unga, kwa sababu moto wa oveni unaila rangi yake inabaki kahawia. Binzari ya manjano kidogo sana kwa rangi ya njano, ncha ya kijiko tu la sivyo itanukia mchuzi. Kijani ni majani ya spinachi yaliyochovywa kwenye maji ya moto yakasagwa na kuchujwa. Na bluu, ambayo watoto wangu wanaisubiri kama mazingaombwe, chemsha kabichi ya zambarau, chuja maji, punguza kwa moto, halafu tia chembe za bekingi soda kidogo kidogo huku unakoroga mpaka igeuke bluu mbele ya macho yao, ukizidisha inaenda kwenye kijani na inaonja sabuni.