SOMO: Friji imeharibika, utengeneze au ununue nyingine?

Wakuu, salaam. Inaniuma kuona mtu kaambiwa "kompresa imekufa", yaani ile mashine ya nyuma inayosukuma gesi, kauza friji kwa bei ya chuma chakavu, kumbe kilichoungua ni rilei, kidude kidogo cha kuwashia. Kabla hujaamua, jua kwanza ubovu uko wapi: nje ya mfumo wa gesi au ndani yake.

Hatua ya 1: umeme. Friji zetu nyingi ni za volti 220 hadi 240. Jioni umeme ukishuka, kompresa inaunguruma, inagoma kuwaka, halafu inajizima kwa mlio wa "tak!". Pima soketi kwa mita wakati friji inajaribu kuwaka. Ukisoma 170, usimlaumu fundi wala friji.

Hatua ya 2: vitu vya nje. Themostati, feni, rilei, mpira wa mlango. Mpira upime kwa karatasi: ifungie mlangoni, ivute. Ikitoka kirahisi, baridi inapotea hapo. Vyote hivi vinabadilishwa bila kugusa gesi, kwa hiyo tengeneza, hata friji iwe na miaka 15.

Hatua ya 3: kompresa. Chomoa friji ukutani kwanza. Toa rilei uitikise. Ikichakarisha ndani, huenda imevunjika. Kwenye kompresa ya kawaida (isiyo ya inveta) utaona pini tatu. Pima ukinzani (omu) wa kila jozi: namba kubwa lazima iwe jumla ya zile mbili ndogo, mfano 12, 18 na 30. Kisha pima kila pini na bomba la shaba, ukikwangua rangi kidogo. Mita isisome kitu. Ikisoma, koili (nyaya za ndani ya kompresa) imegusa bodi na kompresa imekwisha. Vipimo vikiwa sawa, koili ni nzima, ingawa kompresa bado inaweza kuwa imekwama au imechoka kusukuma. Usikubali neno "imekufa" kabla fundi hajaijaribu kwa rilei nzima.

Hatua ya 4: gesi. Gesi haiishi kwa kutumika, inazunguka humo humo. Ikipungua, pana tundu. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakurudisha kwake baada ya muda mfupi. Tundu kwenye bomba la nyuma linalofikika linachomelewa. Likiwa kwenye mabomba yaliyofukiwa ndani ya ukuta wa friji, mimi nasema nunua nyingine. Kadhalika friji ya zaidi ya miaka 10 inayodai kompresa mpya, na gharama inapita nusu ya bei ya friji mpya.

MASWALI

Mkuu, yangu juu inagandisha, chini joto.
Kama ni ile isiyojaza barafu, huenda barafu imeziba njia ya hewa nyuma ya ukuta wa friza. Ichomoe, acha milango wazi siku nzima. Ikipona siku chache halafu ikarudia, angalia hita ya kuyeyushia barafu na taima yake. Feni nayo ikaguliwe. Tengeneza.

Fundi, nauza juisi. Nimebandua barafu kwa kisu, nikasikia "ssss". Nimeiua?
Hapana dada. Soma kibandiko cha kompresa kwanza. Kama kimeandikwa R600a, hiyo gesi inawaka moto: zima jiko, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi humo ndani mpaka hewa ibadilike, umeme ukate kwenye swichi kuu kama iko mbali. Kama ni gesi ya R134a, chomoa mara moja, kompresa isivute hewa na unyevu. Tundu la friza linazibika mara nyingi. Fundi abadilishe filta, avute hewa yote kwa pampu, apime gesi kwa mizani. Akitaka kuweka R134a kwenye mashine ya R600a, mkatalie.

Je, ninunue ya mtumba badala ya kutengeneza?
Soma volti kwenye kibandiko. Zilizotumika Japani ni za 100. Iwashwe dukani mbele yako, ukae mpaka friza ianze kuganda na kompresa ijizime yenyewe na kuwaka tena. Muuzaji akikuharakisha, ondoka.