Kupika vitumbua vya Tanga ukiwa Denmaki

Bibi yangu alikuwa akipika vitumbua barazani kwake, Ngamiani, Tanga, na watoto wa mtaa walipitia pale kabla ya kwenda shule. Kazi yangu ilikuwa kupepea mkaa na kurudisha chenji. Nilipohamia Aarhus niliamini kitumbua nakijua. Nikanunua unga wa mchele dukani, nikauchanganya na tui la kopo, hamira na sukari, nikamimina kwenye kikaango cha kukaangia mayai. Kikatoka kitu kama chapati nene, nje kimekauka, ndani kinanata menoni kama ugali ambao haujaiva. Nikampigia simu.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mume wangu. Umeshakula?"

Nikamweleza yaliyonikuta. Aliuliza swali moja tu: mchele uliuloweka saa ngapi?

Sikuwa nimeloweka mchele. Sikuwa hata na mchele ndani. Tangu siku hiyo napika vitumbua karibu kila Jumamosi, na nimeona kwamba ugenini karibu kila kitu cha kitumbua kina mbadala wake: chuma, nazi, moto, hata kijiti cha kugeuzia. Mchele wa kuloweka ndio hauna. Ukiwa na haraka, pika maandazi.

Tuanze na chuma, maana watu wengi hukata tamaa hapo na kumwagiza mtu abebe kutoka nyumbani, kilo mbili za mzigo. Denmaki huhitaji. Wadenmaki wana andazi lao la Krismasi liitwalo æbleskiver, na kikaango chake ni chuma kizito cha duara chenye vishimo 7, kaka wa chuma cha vitumbua kabisa. Mwezi wa Desemba kinajaa madukani. Mimi changu nilikipata kwenye duka la vitu vilivyotumika, la aina wanayoita genbrug, kimeshika kutu kidogo. Nilikisugua kwa chumvi na mafuta, nikakipasha moto mara tatu, sasa hakishiki kitu. Kabla ya kununua, kigeuze uangalie chini. Kama una jiko la kioo, chukua chenye kitako bapa, kwa sababu vishimo vikichomoza chini moto utagusa nukta chache tu, na vitumbua vya pembeni vitabaki vyeupe. Na kama jiko lako ni la induksheni, cha alumini hakitapata moto.

Aliye nchi nyingine aende duka la Wahindi aulize kikaango cha paniyaram, au appe kama wengine wanavyokiita. Watu wa India Kusini hupika vyakula vya mchele vinavyofanana sana na vyetu. Uholanzi kuna cha poffertjes, lakini vishimo vyake havina kina, utapata visarafu. Cha Kijapani cha takoyaki kinatoa vidogo mno. Hivyo wape watoto.

Sasa mchele. Bibi alitumia chenga, kwa sababu ni rahisi na zinalainika upesi. Chenga utazikuta kwenye maduka yanayouza vyakula vya Wasenegali au Wavietnamu, kwa kuwa na wao wana vyakula vyao vya chenga. Hapa Aarhus mimi huenda Bazar Vest, kule Brabrand, ambako nakuta mchele, iliki na nazi ndani ya nusu saa. Chenga zinazouzwa huku nyingi ni za mchele wa Thailand, na huo peke yake unanata, kwa hiyo nachanganya nusu kwa nusu na basmati. Ukikosa chenga, basmati peke yake inafaa. Usinunue ule mchele mfupi wa mviringo ambao Wadenmaki hupikia uji wa maziwa. Kazi yake ni kunata, na kitumbua chako kitanata vivyo hivyo.

Bibi hakuwa na mizani, alikuwa na bakuli lake la bati. Mimi nilipima hadi nikapata: mchele gramu 500, tui kopo moja la mililita 400, sukari gramu 130, hamira kavu kijiko kimoja na nusu cha chai, iliki punje 12, chumvi kidogo, na wali uliopikwa vijiko vitatu vya kulia chakula. Vinatoka vitumbua thelathini na kitu. Ukipata hamira mbichi, ile ya kipande cha gramu 50 inayokaa kwenye friji ya duka, tumia gramu 15 hivi na uivunjevunje kwenye tui vuguvugu.

Osha mchele hadi maji yawe meupe kidogo tu, uloweke kwenye maji mengi tangu Ijumaa usiku. Asubuhi chukua punje moja uibonyeze kwa kucha za vidole viwili. Ikivunjika kama chaki, tayari. Ikikataa, iache saa nyingine mbili.

Kuhusu nazi. Nazi nzima za huku zimesafiri sana. Itikise sikioni, isiyolia maji iache. Angalia na yale macho matatu, yakiwa na unyevu au ukungu imeshaharibika. Mimi nimeacha kubahatisha, nanunua nazi iliyokunwa na kugandishwa, ipo kwenye friji za maduka ya Waasia. Naiyeyusha, naisaga na maji ya moto kiasi, nakamua kwa kitambaa. Harufu yake ndiyo iliyo karibu zaidi na nazi ya mbuzi na kifumbu. Tui la kopo nalo linafaa ukisoma lebo: nazi iwe asilimia 60 au zaidi, na usichukue lililoandikwa "light", hilo ni tui la pili lililouzwa kwa bei ya la kwanza. Likiwa limejitenga, mafuta juu na maji chini, usiogope. Lipashe polepole huku ukikoroga.

Chuja mchele vizuri. Weka kwenye blenda pamoja na wali, iliki iliyomenywa na tui kidogo, kama robo tatu ya kopo. Tui likizidi, punje zinaogelea tu na kisu hakizikamati. Saga, pumzisha mashine, saga tena. Paka rojo kati ya vidole: ukisikia chembechembe, bado. Hapa ndipo unapoona kwa nini unga wa dukani haukufaa. Mchele uliolowa unasagika pamoja na maji yake, rojo linakuwa laini lakini lina mwili, na mapovu ya hamira yanabaki humo. Unga mkavu unazama chini ya bakuli na kugandamana.

Blenda hupasha rojo, na wakati mwingine linatoka na joto kali. Ingiza kidole, kikistahimili bila shida, tia hamira. Kikishtuka, subiri, vinginevyo utaiua. Sukari usiitie bado. Sukari hulegeza rojo, na ukiitia mapema utadhani rojo limekuwa jepesi sawasawa kumbe litamwagika baadaye. Rojo liwe kama uji mzito unaoanguka kwenye upawa kwa utepe usiokatika.

Kisha joto. Tanga rojo lilifunikwa kawa, likawekwa pembeni ya jiko, na kabla ya saa moja kupita lilikuwa limejaa. Jikoni kwangu wakati wa baridi ni nyuzi 19, na rojo linaweza kukaa asubuhi nzima bila kusogea. Wasomaji wenzangu wa nchi za baridi, hapa ndipo wengi mnapoongeza hamira, na kitumbua kinanuka pombe. Msiongeze hamira, ongezeni joto. Washa taa ya oveni tu, si oveni yenyewe, weka bakuli ndani na kikombe cha maji ya moto pembeni, funga mlango. Baada ya saa moja na nusu hadi mbili rojo litapanda karibu maradufu na kujaa mapovu. Hapo tia sukari na chumvi, koroga taratibu kwa mwiko, liache dakika 15 lipande tena.

Pasha chuma polepole, dakika 10 kwa moto wa kati. Chuma baridi hakina huruma. Tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta katika kila kishimo, kisha rojo hadi robo tatu. Lazima usikie likilia. Kitumbua cha kwanza ni cha kupimia: kikiwa kigumu, rojo ni zito, ongeza tui vuguvugu kijiko kimoja kimoja. Kikinywa mafuta na kulala bapa, ni jepesi, na hapa tu ndipo unga wa mchele wa dukani unapokuwa na faida, vijiko viwili vitalishika.

Baada ya dakika tatu hivi ukingo utakauka na juu patakuwa na matundu. Wadenmaki hugeuza æbleskiver kwa sindano ya kufumia sweta, nami nimeichukua mbinu hiyo moja kwa moja, inaingia ukingoni kuliko kijiko chochote. Ila wao hugeuza robo robo mpaka upatikane mpira. Sisi tunageuza mara moja. Kizungushe kwanza kijiachie, kigeuze chote kwa mkono mmoja usiosita, ongeza matone ya mafuta ukingoni, dakika mbili, toa. Kando pawe na rangi ya kahawia inayovunjika, katikati pawe peupe na laini. Kikivunjwa kikiwa cha moto, ndani uone vijitundu kama sega la nyuki.

Panga kwenye kung'uto, siyo sahani, maana chini vitatoka jasho na kulegea. Chai ya rangi yenye mchaichai ndiyo mwenzake. Mchaichai unauzwa huku kwenye maduka ya Wathai. Vitakavyobaki usivitie kwenye maikrowevu, virudishe kwenye chuma kikavu, dakika moja kila upande.

Chuma chenyewe usikioshe kwa sabuni. Kifute kingali na uvuguvugu kwa karatasi, kipake mafuta kidogo, kifunge kwenye gazeti. Changu nakiweka juu ya kabati, karibu na gunia dogo la chenga, na Ijumaa nikirudi kazini naloweka mchele kabla hata ya kuvua koti.