Kufanya kazi kwa kasi ndani ya IPython

Python huja na sheli yake mwenyewe. Andika `python3` kwenye terminali, utaona alama ya `>>>`, na kuanzia toleo la 3.13 sheli hiyo ina rangi na inakuruhusu kurudi juu kuhariri kipande cha mistari mingi. Kwa hesabu ya haraka inatosha kabisa. Ila kwa kazi ya saa nzima, yenye data ya kuchunguza na faili unaloliandika papo kwa papo, IPython, sheli nyingine ya Python inayosakinishwa kando, bado iko mbele. Fernando Pérez aliianzisha mwaka 2001, na baadaye Jupyter, mradi wa madaftari ya msimbo kwenye kivinjari, ikachipuka humo humo, kwa hiyo sehemu kubwa ya yaliyo hapa chini inafaa pia kwenye daftari la Jupyter.

Isakinishe ndani ya mazingira ya mradi wako, si kwenye Python ya kompyuta nzima:

```
python3 -m venv .venv
source .venv/bin/activate
pip install ipython
ipython
```

Kwenye Windows mstari wa pili ni `.venv\Scripts\activate`. Ukishaingia, andika `import sys` kisha `sys.executable`. Njia itakayotokea isipopita ndani ya `.venv`, umefungua IPython nyingine, na ndiyo maana maktaba uliyoisakinisha dakika moja iliyopita inadaiwa haipo.

Iulize sheli kwanza

Kitufe cha Tab hukamilisha majina, funguo za kamusi na hata njia za mafaili ndani ya alama za nukuu. Alama ya kuuliza baada ya jina, `csv.DictReader?`, huleta maelezo na vigezo vyake, mbili, `csv.DictReader??`, huleta msimbo wenyewe. Vitu vilivyoandikwa kwa C, kama `len`, havina msimbo wa kuonyesha, utapata maelezo tu. Ukikumbuka nusu ya jina, tumia nyota: `str.*strip*?` itakutajia `lstrip`, `rstrip` na `strip`. Mfano ulionakiliwa kwenye nyaraka ukiwa na `>>>` zake, ubandike ulivyo. IPython huziondoa yenyewe.

Faili upande mmoja, sheli upande wa pili

Kosa la wengi ni kuandika funksheni ya mistari 20 moja kwa moja kwenye sheli, kisha kupanda na kushuka kwa vishale kila ikihitaji marekebisho. Sheli ni mahali pa kuuliza maswali. Jibu likipatikana linahamia kwenye faili. Fungua kihariri na IPython bega kwa bega, andika funksheni kwenye faili, uiite kutoka kwenye sheli.

Tatizo ni kwamba Python hupakia moduli mara moja tu. Ukibadilisha faili na kuandika `import` tena, hakuna kinachotokea: bado unatumia msimbo wa zamani, na hakuna onyo lolote. Dawa ni mistari miwili ya kuandika mwanzo wa kikao (`%` huashiria amri ya IPython yenyewe, si ya Python):

```
%load_ext autoreload
%autoreload 2
```

Kuanzia hapo, kila unapobonyeza Enter, IPython hukagua mafaili ya moduli ulizopakia na kupakia upya yaliyobadilika. Usiiamini kupita kiasi, lakini. Maktaba zilizoandikwa kwa C hazipakiki upya. Jina ulilolileta kwa `from ... import ...` hubaki kwenye sheli hata ukilifuta kwenye faili. Ukigeuza `@property` kuwa metodi ya kawaida, vitu vilivyoundwa kabla ya badiliko vinaweza kukuletea vituko, viunde upya.

Kwa programu inayojitegemea, tumia `%run programu.py`. Inaendeshwa kwenye nafasi safi, kana kwamba umeiita kutoka terminali, kisha majina yake yote yanabaki mikononi mwako uyachunguze. Nafasi hiyo kuwa safi ni faida: ikiwa programu inategemea kitu ulichokiandika kwenye sheli na kusahau kukiweka kwenye faili, itaanguka hapo hapo. Chaguo la `-i` huiruhusu kuona majina ya sheli, na kwa hiyo huficha kosa hilo. Litumie ukiwa na sababu.

Mistari unayoiandika kila siku (autoreload, `import` za kawaida) iweke kwenye faili kama `00-mwanzo.ipy` ndani ya `~/.ipython/profile_default/startup/`. Mafaili ya folda hiyo huendeshwa kwa mpangilio wa majina kila IPython inapofunguka. Kiendelezi kiwe `.ipy`, kwa sababu ndani ya `.py` mstari unaoanza na `%` ni kosa la sarufi.

Programu ikianguka, ingia ndani yake

Hapa ndipo IPython inapolipa. Chukua `miamala.py` yenye funksheni hii:

```
import csv

def jumla(njia):
    j = 0
    with open(njia, newline="") as f:
        for n, r in enumerate(csv.DictReader(f), 1):
            j += float(r["kiasi"])
    return j
```

Unaandika `from miamala import jumla`, kisha `jumla("miamala.csv")`, na unapata `ValueError: could not convert string to float: '1,500'`. Faili lina safu elfu kadhaa. Hii ni ipi? Usianze kutapakaza `print`. Andika `%debug`, ufungue kitafuta-makosa (debugger). Alama inageuka kuwa `ipdb>` na uko ndani ya funksheni pale pale ilipokwama, majina yote yakiwa na thamani zake:

```
ipdb> p n
ipdb> p r
```

La kwanza linakupa namba ya safu, la pili safu nzima. Tumia `p`, usiandike `n` peke yake: kwa kitafuta-makosa `n` ni amri ya kusonga mstari mmoja mbele, na kwa kuwa programu imeshaanguka, itakutoa nje. Herufi `c`, `l`, `s`, `u` na `d` ni hivyo hivyo, zote ni amri. Kosa likitokea ndani kabisa ya maktaba ya mtu mwingine, `u` hukupandisha hatua moja kuelekea msimbo wako, `d` hukushusha, `w` huonyesha uko wapi, `q` hutoka.

Kabla ya kutoka, jaribu marekebisho hapo hapo: `p float(r["kiasi"].replace(",", ""))`. Ikitoa 1500.0, peleka badiliko kwenye faili, hifadhi, toka kwa `q` na uite `jumla` tena. Autoreload itamaliza kazi.

`%debug` huangalia kosa la mwisho tu. Ukikosea kuandika jina lolote kabla ya kuiita, kosa lile la kwanza limeshafunikwa na itakubidi uendeshe programu tena. Kwa programu inayochukua dakika 10 kuanguka, washa `%pdb on` mapema, na kitafuta-makosa kitafunguka chenyewe.

Kupima kasi

`%timeit` hujichagulia idadi ya mizunguko na, kwa kawaida, hurudia kipimo mara 7. Mtego wake ni data inayobadilika. `%timeit orodha.sort()` hupanga orodha mara ya kwanza tu, na mizunguko yote inayofuata inapima orodha iliyokwisha kupangwa, kwa hiyo namba inatoka nzuri mno. Pima `sorted(orodha)` badala yake. Kujua ni funksheni ipi inakula muda ndani ya mwito mrefu, tumia `%prun jumla("miamala.csv")`.

Matokeo yanayoganda kwenye kumbukumbu

Kila jibu lililoonyeshwa huhifadhiwa: `_` ni la mwisho, `_12` ni la mstari wa 12. Inasaidia sana baada ya hesabu ndefu uliyosahau kuipa jina. Gharama yake ni kwamba jedwali la gigabaiti 2 uliloliita `df` na kulitazama mara moja halitoki kwenye RAM kwa `del df`, maana `Out`, kamusi ya IPython inayotunza majibu hayo, bado imelishika. `%xdel df` hujaribu kufuta na marejeleo ya IPython yenyewe. `%reset out` husafisha matokeo yote. Afadhali uzuie mapema: maliza mstari kwa `;`, jibu halitaonyeshwa wala kuhifadhiwa.

Na ukiandika `for _ in range(3)` kwenye sheli, `_` inakuwa yako na haifuati tena majibu. `del _` huirudisha. Vivyo hivyo ukiita orodha yako `list`: futa jina lako kwa `del list`, ile ya Python itaonekana tena.

Kukusanya ulichopata

Historia hukaa hata baada ya kufunga. Andika mwanzo wa mstari kisha kishale cha juu, au Ctrl-R utafute kipande chochote. `%history -g replace` hutafuta katika vikao vyote vya nyuma. Mistari iliyofanya kazi itoe kwa namba zake: `%save safisha 12-15 18` huunda `safisha.py`.

Amri za mfumo zianze na `!`, kama `!head -n 3 miamala.csv`; `mafaili = !ls *.csv` hukupa matokeo kama orodha ya Python. `!cd` haikupeleki popote, kwa kuwa inafanyika kwenye mchakato mwingine unaokufa papo hapo. Tumia `%cd`.

Kuna wakati wa kufunga na kuanza upya: ukisasisha maktaba kwa `pip` katikati ya kikao, ukibadilisha msimbo wa C, au `%whos` (orodha ya majina yaliyopo kwenye sheli) ikikuonyesha majina usiyokumbuka yametoka wapi. Anza na `%run` ya faili lako kwenye kikao kipya. Ikianguka kwa `NameError`, jina linalotajwa ndilo ulilolisahau kwenye sheli ya zamani, na `%history -g` ikifuatiwa na jina hilo itakurudishia mstari wake.