Kuzielewa Sehemu za Kielektroniki Unapounda Pedali ya Gita

Wengi huunda pedali yao ya kwanza, yaani kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gita, kwa kunakili mchoro, ikalia vizuri, lakini wasijue kwa nini resista (sehemu inayopunguza mtiririko wa umeme) fulani ni ya kilo-omu 10 na si ya kilo-omu 100. Hapa tutajenga pedali rahisi ya distoshani, ile sauti ya gita yenye mkwaruzo, kwenye ubao wa majaribio, bila kulehemu chochote, tukilifuata wimbi la sauti kutoka jeki ya kuingilia hadi jeki ya kutokea. Kila sehemu itaingia pale tu tutakapokuwa tumeiona kazi inayoisubiri. Andaa chipu ya TL071, ambayo ndiyo itakayokuza sauti, multimita ya kupimia umeme na sehemu zitakazotajwa njiani.

Hatua ya 1: Umeme

Pedali nyingi hutumia volti 9, na plagi ya adapta yake huwa na hasi katikati, kinyume cha adapta za vifaa vingine vingi. Kwa kuwa adapta iliyogeuka inaweza kuiunguza chipu mara moja, weka dayodi ya 1N5817 kwenye njia ya chanya, mstari wake ukielekea kwenye saketi. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu, na hii hupoteza sehemu ndogo ya volti moja. Baada yake, unganisha kapasita (sehemu inayohifadhi chaji kidogo ya umeme) ya elektroliti ya mikrofaradi 100 kati ya chanya na ardhi, yaani njia ya pamoja ya hasi, ili ipunguze mvumo wa adapta. Mstari uliochapwa ubavuni mwa kapasita hiyo huonyesha mguu wa hasi. Ukiigeuza, inaweza kupasuka. Mguu wa 7 wa chipu hupokea chanya, na mguu wa 4 huenda ardhini.

Hatua ya 2: Volti ya katikati

Wimbi la gita hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, ilhali chipu yetu ina umeme wa kuanzia sifuri hadi 9 pekee, hivyo wimbi likiingia lilivyo, nusu yake ya chini itapotea. Dawa ni kuliinua wimbi zima lielee katikati. Unganisha resista mbili za kilo-omu 10 (kahawia, nyeusi, chungwa) kwa mfuatano kutoka chanya hadi ardhi. Zinapokutana utapata takribani volti 4.5, na kapasita ya mikrofaradi 47 kutoka hapo hadi ardhini itaituliza volti hiyo. Kisha peleka resista ya mega-omu 1 kutoka makutano hayo hadi mguu wa 3 wa chipu. Thamani hiyo ni kubwa kwa makusudi, kwa sababu pikapu za gita, zile sehemu zinazonasa mtetemo wa nyuzi, ni dhaifu, na resista ndogo ingezielemea na kufifisha sauti nyembamba kabla hazijakuzwa.

Hatua ya 3: Mlango wa kuingilia

Kati ya jeki na mguu wa 3 weka kapasita ya nanofaradi 10, yenye alama 103. Kapasita huzuia umeme wa mkondo mnyoofu lakini hupitisha wimbi, kwa hiyo zile volti 4.5 hazitarudi kwenye gita. Ikishirikiana na resista ya mega-omu 1, huanza kupunguza sauti zilizo chini ya hezi 16 hivi, ilhali uzi mnene wa gita hulia kwenye hezi 82. Hakuna noti inayopotea.

Hatua ya 4: Kukuza

Hapa ndipo panapostahili subira. Unganisha potenshiomita (resista inayobadilishwa kwa kuzungusha kitufe) ya kilo-omu 500 kati ya mguu wa 6, ambao ndio wa kutokea, na mguu wa 2. Kutoka mguu wa 2 weka resista ya kilo-omu 4.7 ikifuatwa na kapasita ya nanofaradi 47 (alama 473) hadi ardhini. Ukuzaji ni 1 kujumlisha thamani ya potenshiomita iliyogawanywa kwa 4.7, yaani kutoka mara 1 hadi takribani mara 107.

Kapasita hiyo ndogo ina kazi mbili, na anayeielewa ameielewa nusu ya saketi. Kwanza, bila hiyo, volti 4.5 nazo zingekuzwa pamoja na wimbi, na chipu ingekwama kwenye kilele cha umeme wake. Pili, ukuzaji huanza kupungua chini ya hezi 720 hivi, hivyo besi hazitibuki. Weka ya nanofaradi 470 badala yake, na mpaka huo utashuka hadi hezi 72: sauti itakuwa nene na yenye vurugu zaidi.

Hatua ya 5: Kukata vilele

Kutoka mguu wa 6 weka kapasita ya mikrofaradi 1 isiyo na chanya wala hasi, kisha resista ya kilo-omu 10. Baada ya resista hiyo, unganisha dayodi mbili za 1N4148 hadi ardhini, kila moja ikielekea upande wake. Kila dayodi huanza kupitisha umeme ifikapo takribani volti 0.6, hivyo vilele vya wimbi hukatwa juu na chini, na kukatwa huko ndiko distoshani yenyewe. Dayodi za jerimani, kama 1N34A, hukata mapema zaidi, karibu na volti 0.3, kwa ukingo laini na sauti ndogo. LED nyekundu hungoja hadi volti 1.7 hivi, mimi huzipendelea, kwa sababu huacha nguvu ya mkono wa mpigaji isikike.

Hatua ya 6: Toni na sauti

Kapasita ya nanofaradi 4.7 sambamba na dayodi hupunguza ukali ulio juu ya hezi 3,400 hivi. Malizia kwa potenshiomita ya kilo-omu 100: mguu mmoja wa pembeni uungwe pale resista inapokutana na dayodi, wa pembeni wa pili uende ardhini, na wa katikati uende kwenye jeki ya kutokea.

Hatua ya 7: Pima kabla ya kupiga

Mguu wa 7 uonyeshe karibu volti 9, na wa 6 karibu 4.5. Mguu wa 3 utaonyesha pungufu kidogo, kama 4.1, kwa kuwa multimita yenyewe huvuta umeme kupitia ile mega-omu 1. Hiyo si hitilafu. Mguu wa 6 ukikwama karibu na sifuri au karibu na 9, kagua kwanza kama resista ya mega-omu 1 imefika mguu wa 3, kisha kama kapasita ya nanofaradi 47 haijarukwa na waya.