Nduwaro mkubwa kuliko wote: kabla hujampandisha chomboni

Nduwaro (samaki wa bahari kuu mwenye mdomo mrefu kama mkuki) wakubwa wanaonaswa Watamu na Malindi, pwani ya Kenya, karibu wote ni majike. Dume la nduwaro wa buluu ni nadra kuzidi kilo 160, kwa hiyo ukimuua wa kilo 250 unaua mzazi mwenye mayai mengi mno. Mimi nasema aachwe.

Uamuzi huo huanza na ndoana. Tumia ya duara, isiyopinda upande, isiyo ya chuma cha pua: hunasa pembe ya mdomo, si tumbo. Mshipi uwe mzito ili pambano liwe fupi. Akichoka mno huzama na kufa hata ukimwachia.

Usimwinue kwa ajili ya picha. Nje ya maji uzito wake mwenyewe humuumiza viungo vya ndani. Vaa glavu, shika mdomo mrefu, chombo kisonge mbele polepole maji yapite kwenye matamvua. Rangi ikirudi na mkia ukianza kupiga kwa nguvu, mwachie. Ndoana ikiwa imemezwa, kata mshipi karibu nayo, usivute.

Uzito? Pima sentimita akiwa majini: mzingo (wa mwili penye unene zaidi) mara mzingo mara urefu (ncha ya taya la chini hadi panda ya mkia), gawa kwa 28,900. Urefu 300, mzingo 150: takriban kilo 234. Rekodi ya uzito haitakubali hesabu hii, inataka mizani ya nchi kavu.

Akivuja damu matamvuani, mchukue, na nyama yote iliwe.