Kizunguzungu cha kugeuka kitandani: jinsi ya kuzirudisha chembe za sikio mahali pake

Kizunguzungu kinachokupiga ukigeuka kitandani au ukiinua uso kutazama juu, kisha kikaisha ndani ya dakika moja, mara nyingi si presha wala upungufu wa damu. Ni chembe za kalsiamu zilizobanduka ndani ya sikio zikaingia kwenye mfereji wa nyuma, mmojawapo wa mifereji midogo ya sikio la ndani inayoupa mwili usawa. Vidonge haviziondoi humo. Kinachoziondoa ni kugeuza kichwa kwa mpangilio, njia iliyobuniwa na daktari John Epley wa Marekani.

Ukiwa na ugonjwa wa shingo, usijaribu peke yako. Na kizunguzungu kikija pamoja na ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili, udhaifu wa upande mmoja au kushindwa kusimama, nenda hospitali sasa hivi: huenda ni kiharusi.

Kwanza jua ni sikio lipi. Kaa kitandani umenyoosha miguu, mto ukiwa mahali mabega yatakapotua. Geuza kichwa kulia nyuzi 45, kisha lala chali upesi, kichwa kikining'inia kidogo nyuma ya mto. Subiri nusu dakika. Chumba kikizunguka, sikio la kulia ndilo lenye shida. Kisipozunguka, inuka, pumzika, ujaribu kushoto.

Kama ni la kulia, baki hivyo hivyo mpaka kizunguzungu kiishe, uongeze sekunde 30. Bila kuinua kichwa hata kidogo, kigeuze nyuzi 90 kuelekea kushoto. Sekunde 30 hadi 60. Lalia ubavu wa kushoto, pua ielekee sakafuni; muda ule ule. Kisha shusha miguu upande huo, uinuke polepole, kidevu kikiwa kimeinama. Awepo mtu wa kukushika, maana hapa wengi hupepesuka. Kwa sikio la kushoto, badili pande zote.

Wengi hukosea kwenye mto: wanauweka chini ya kichwa, hakiningʼinii, na chembe hazisogei. Wengine huinua kichwa katikati ya kugeuka, zikarudi zilikotoka.

Rudia mara tatu kwa siku mpaka upitishe saa 24 bila kizunguzungu. Kulala umeketi usiku, kama wengine wanavyoshauriwa, si lazima. Wiki ikipita bila nafuu, au kizunguzungu kikiwa kikali ukigeukia upande wowote, huenda chembe ziko mfereji mwingine, ambao una mbinu yake. Mwone mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa masikio.